Kurasa za Nyuma

Jumatatu, 7 Oktoba

Mvua ya kwanza imeshuka leo saa nane mchana, na darasani walikuwa watano. Nina wanafunzi kumi na wanne wa ushonaji hapa kituoni kwetu Heru Juu, lakini mvua ikigusa ardhi kila mtu anakumbuka kwamba ana shamba. Siwalaumu. Hata mimi nilikuwa nafundisha pindo huku moyo uko kwenye mbegu za maharage.

Shida ni mtihani. Tarehe 11 Desemba anakuja mkaguzi kutoka Kibondo, na mtihani wenyewe una sehemu mbili, ya mikono na ya karatasi. Anayefaulu zote mbili anapewa cheti pamoja na cherehani yake mwenyewe. Anayeanguka hata moja haondoki na kitu.

Sylvesta, mratibu wetu, akaniita ofisini.

"Mwalimu Vestina, masomo ya karatasi uyaweke mtandaoni. Mtu akiwa Titye asome, akiwa Kagerankanda asome."

"Mratibu, mimi ni darasa la saba. Mtandaoni naenda kutuma salamu za Jumapili tu."

"Basi utajifunza," akasema, akinitazama juu ya miwani kana kwamba nimekuja kumwomba kazi. Ana kiburi yule mtu, Mungu anisamehe.

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya msimu huu. Mbele nitaandika siku zangu. Nyuma nimeligeuza na kuanza majina ya watu ninaowaombea kila Ijumaa, kama nilivyofanya kwenye kila daftari tangu nikiwa binti. Mbele ya daftari ni pa yeyote. Nyuma ni pangu na Mungu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Winnie, binti yangu, ni muuguzi Kibondo. Leo amenifundisha kwa simu saa nzima.

"Mama, usibonyeze hovyo."

"Sasa nibonyeze kwa utaratibu gani, na wewe hujaniambia?"

Amenitengenezea dokumenti. Anasema niione kama daftari moja ambalo darasa zima linalo, nikiandika mimi huku, wao wanasoma kule kule waliko, hakuna kutoa kopi. Kuandika ni kazi yangu peke yangu, wao ni kusoma tu. Akaniambia niandike chochote nizoee. Nikaandika "Bwana ni mwema" kwa kidole kimoja. Nilipomaliza maji ya ugali yalikuwa yamekauka.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mvua. Nimeandika somo la kupima mwili na kutuma linki kwenye grupu la darasa. Esteri akawa wa kwanza kujibu, kama kawaida yake: "Mwalimu umekuwa wa kisasa, tutakuona kwenye TV." Yule mwanamke habari ikiingia kwake asubuhi, mchana imefika sokoni Kasulu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimegundua kuandika kwenye simu kunanifaa. Maandishi nayakuza yanavyotaka macho yangu, na kalamu haiishi wino. Basi leo majina yangu ya Ijumaa nimeyaandika huko huko kwenye dokumenti. Nilibonyeza kitufe cha kushuka mstari mpaka kidole kikauma, nikaacha weupe mrefu kama kurasa ishirini, kisha nyuma kabisa nikaandika kwa utulivu:

Winnie, apate mume anayesali. Esteri, Bwana amzuie ulimi. Sylvesta, kiburi. Na wengine. Wa saba ni Leonidasi.

Leonidasi nilimwandika kwa kirefu. Ana miaka thelathini na tisa, anatoka Titye, anashona viraka pale sokoni, na darasani hakuna mwenye mikono kama yake. Lakini kila nikimpa karatasi anasema amesahau miwani nyumbani. Na mtu huyo huyo anatunga uzi kwenye sindano namba tisa bila miwani. Nikaandika: "Bwana, Leonidasi hajui kusoma na anawaficha wenzake. Mfungulie njia kabla ya mtihani, maana mikono yake haistahili kurudi mitupu."

Nikalia kidogo. Nikaenda kupalilia.

Jumanne, 22 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Watatu darasani.

Ijumaa, 25 Oktoba

Niyomwungere, mwanafunzi wangu wa Kagerankanda, anasema kwao mtandao unashika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya shule. Wanapanda kwa zamu na miavuli. Nimecheka, halafu nikasikia haya kwamba nilikuwa nanung'unika kuandika.

Jumatano, 30 Oktoba

Ajabu. Nimeuliza darasani kwa nini kola hukatwa vipande viwili na kitambaa kigumu katikati. Leonidasi, asiyewahi kujibu swali la nadharia hata siku moja, akajibu lote, na maneno yalikuwa yale yale niliyoyaandika kwenye dokumenti. Nilitaka kupiga goti pale pale. Nikasema moyoni, Bwana, wewe hukawii.

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua. Leonidasi hayupo.

Jumatano, 6 Novemba

Hayupo.

Ijumaa, 8 Novemba

Hayupo. Nimempigia, simu inaita mpaka inakata. Labda ni palizi. Mvua imechukua daraja la miti kule bondeni.

Jumatatu, 11 Novemba

Saa nne simu imeita, namba ya Leonidasi. Kumbe ni mkewe, Mpawenimana, ambaye nilikuwa simjui.

"Mwakeye mwalimu."

"Mwakeye mama. Habari za Leonidasi? Mzima?"

"Mwili mzima. Mwalimu, mimi ndiye ninayemsomea. Kila jioni nikimenya mihogo ananikalia hapa, ananiambia soma, usiniruke kitu, soma mpaka mwisho. Siku aliyorudi amelijibu swali lako akataka nimrudie ya kola yote, nikamaliza nikamwambia imeisha. Akasema shuka, hakikisha. Nikashuka, nikashuka, peupe tu. Nikamwambia huyu mwalimu wako amelala na kidole kwenye simu. Halafu nikaona maandishi. Mwalimu, nikasoma kwa sauti kabla akili haijanifikia."

Nikakaa kwenye gunia la vitambaa.

"Amesema nini?"

"Hajasema. Ndiyo shida. Angefoka, yangeisha siku ile ile."

Nilimpigia Winnie, nikamwambia yote. Akasema, "Mama! Dokumenti haina nyuma!"

"Lakini niliacha kurasa ishirini."

"Uache mia. Mwenye linki anaona juu mpaka chini, sawasawa na wewe."

Wiki tatu na ushei. Watu kumi na wanne. Nimefuta kila kitu huku Winnie ananielekeza, lakini aliyekwisha soma nitamfutia wapi? Mimi niliyemwomba Mungu amzuie Esteri ulimi, nimesimama sokoni na kutangaza siri ya mtu.

Jumanne, 12 Novemba

Nimekwenda kwa Sylvesta mwenyewe kabla hajasikia. Nilijua atanifukuza kazi, na nilikuwa nimeshakunja kanga zangu moyoni. Nikaeleza. Akavua miwani.

"Na mimi nilikuwemo?"

"Ulikuwemo, mratibu. Namba tatu."

"Uliniombea nini?"

Sikuwahi kumwambia Mungu uongo, sikuona namna ya kumwambia yeye. "Kiburi," nikasema.

Alifuta miwani yake muda mrefu mpaka nikaanza kusoma kalenda ukutani. Kisha akasema, "Mke wangu naye ananiombea hilo hilo." Akafungua droo, akatoa kitabu cha taratibu za mtihani. "Leonidasi hasomi kabisa?"

"Kabisa."

"Kwa nini hukuniambia Agosti, kozi ilipoanza?"

"Niliona ni siri yake."

"Basi soma hapa." Akanionyesha kwa kidole. Kumbe taratibu zipo. Mtahiniwa asiyeweza kusoma anaruhusiwa kusomewa maswali na msimamizi, yeye akajibu kwa mdomo na msimamizi akaandika. Fomu ijazwe, mtahiniwa aweke sahihi au dole gumba, na karatasi yenyewe yenye wino ifike Kibondo kabla ya tarehe 28 Novemba. Bila fomu, hakuna kusomewa.

Miezi yote hii nimekuwa nikimwomba Mungu afungue njia, na njia ilikuwa kwenye droo ya mtu ambaye sikutaka kuongea naye.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo walikuja kumi na mmoja. Nikasimama mbele ya meza ya kukatia nikawaambia: nimeandika mambo yenu ya siri mahali ambapo kila mwenye linki ameweza kuyaona, nimekosa, nisameheni. Sikutaja jina la mtu.

Esteri akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi niliyaona tangu wiki ile ya kwanza. Nilikuwa natafuta somo la zipu nikashuka mno."

"Ukamwambia nani?"

"Ningemwambia nani? Nimeona umeandika Mungu anizuie ulimi. Nikasema aa, ngoja nione kama ataweza." Darasa likaangua kicheko. "Msicheke! Wiki nne kasoro! Mume wangu akadhani naumwa, akaninunulia dawa ya malaria."

Nilicheka na machozi yakanitoka. Baadaye nikamvuta pembeni. "Na ya Leonidasi pia uliyasoma?"

"Yote."

"Na hukusema?"

Safari hii hakufanya mzaha. "Mwalimu, mimi ya kwangu ya ulimi kila mtu anayajua. Ya yule ni mengine."

Huyu ndiye niliyemwandika kwa mstari mmoja.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimekwenda Titye. Bodaboda iliteleza mara mbili, mara ya tatu dereva akaniambia, "Mama, hapa tusali au utembee." Nikatembea, viatu mkononi, fomu ndani ya mfuko wa plastiki kifuani.

Nilimkuta Leonidasi ameketi chini ya upenu, anashona bega la koti la mtu. Akasimama, akaniletea kigoda, akanifutia na tope la kwenye kanga. Heshima yote. Ingekuwa heri angenigombeza.

"Umekuja na mvua, mwalimu wangu."

"Nimekuja na makosa, Leonidasi. Mvua imenikuta njiani."

Akashona mishono kama kumi hivi. "Kuombewa si kosa," akasema. "Mama yangu ananiombea mpaka leo. Lakini mama ananiombea kwa Mungu. Wewe umeniombea kwa Mungu na watu kumi na watatu."

Nikasema nisamehe. Akasema amesamehe, lakini alisema kama mtu anayerudisha chombo cha jirani, sikuona moyo ndani yake.

Mpawenimana akapaza sauti kutoka jikoni: "Mwambie na kwamba lile swali la kola alilijibu mwenyewe! Mimi kusoma nasoma, lakini kola siijui mbele wala nyuma!"

"Nyamaza wewe," akasema, lakini mdomo ulicheza kidogo.

Nikatoa fomu, nikaeleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nikae pale nisomewe kama mtoto, na Esteri ananiangalia."

"Esteri anajua tangu Oktoba."

Sindano ikasimama. "Esteri yupi?"

"Huyo huyo unayemjua."

"Na hajasema?"

"Hajasema. Mumewe amemnunulia dawa ya malaria."

Alinitazama kuona kama natania. Kisha akakata uzi kwa meno, akakunja koti. "Rudi mapema, mwalimu. Mvua inakuja tena." Fomu hakuigusa. Nimerudi nayo kifuani, kavu, haina kitu.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua. Hayupo.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua. Hayupo. Nimeandika somo la mkanda wa kiuno. Nimeliandika kama ninamwandikia Mpawenimana, sentensi fupi fupi zinazosomeka kwa sauti.

Ijumaa, 22 Novemba

Hayupo. Zimebaki siku sita. Majina yangu yamerudi nyuma ya daftari hili la karatasi, na daftari lenyewe liko chini ya godoro.

Jumapili, 24 Novemba

Kanisani mchungaji ameuliza nani ana hitaji. Mkono wangu ulikuwa umeshainuka nusu. Nikaushusha. Nimeomba kimya, midomo imefungwa.

Jumanne, 26 Novemba

Amekuja!

Saa tatu hivi, mvua inanyesha, nikaona mtu anakung'uta miguu mlangoni. Akaingia, akasalimia wote, akaenda moja kwa moja kwenye cherehani yake. Esteri alikuwa ameinamia kitambaa mpaka pua inagusa.

Mapumziko yalipofika akanifuata. "Ile karatasi ya dole gumba unayo bado?"

"Ninayo. Nini kimekuleta, Leonidasi?"

"Siku kumi nimekaa nafikiri. Aibu nimebeba tangu nikiwa mtoto, naona nimezoea uzito wake. Lakini lile la Esteri limenishinda. Nikajiambia, kama yule mwanamke ameweza kunyamaza wiki nne, mimi nitashindwa nini kwenye mtihani wa saa mbili?"

"Nimekusikia!" Esteri akapiga kelele kutoka ndani.

"Nilitaka usikie!"

Kicheko kikapita darasa zima, na cha Leonidasi kilikuwa juu ya vyote. Sylvesta akaleta wino wa mihuri. Dole gumba likakaa katikati ya kile kisanduku, safi, kama mshono wake.

Jumatano, 27 Novemba

Sylvesta hakutaka kumpa mtu fomu ile. Amepanda gari la Kibondo alfajiri yeye mwenyewe. Magari yalikwama kwenye tope, kipande cha mwisho akatembea. Saa kumi jioni akapiga simu: "Wameipokea. Walikuwa wanafunga mlango."

"Mratibu, Mungu akubariki. Umelowa?"

"Usiulize, mwalimu."

Nyuma ya daftari hili nimepiga mstari juu ya neno kiburi. Nimeandika: asipate homa.

Jumatatu, 2 Desemba

Jua! Tumeanika vitambaa.

Ijumaa, 6 Desemba

Winnie amenifundisha kutengeneza dokumenti mwenyewe. Kabla ya kutuma linki nashuka mpaka chini kabisa, halafu nashuka tena.

Jumatano, 11 Desemba

Mkaguzi ni Bi Mwanaamina, mama wa Kibondo, mfupi, sauti ya upole na macho yasiyopitwa na mshono. Sehemu ya mikono imekwenda asubuhi. Mchana ikaja ya karatasi, na mwalimu wa darasa haruhusiwi kukaa ndani. Nikakaa barazani na vidole nimevifumbata.

Wengine waliandika. Pembeni, karibu na dirisha, Bi Mwanaamina akamketisha Leonidasi na kuanza kumsomea. Mwanzoni nilisikia sauti yake yeye tu. Leonidasi alijibu neno moja moja, chini chini, kama anaungama. Swali la kwanza, la pili, la tatu.

La nne lilikuwa la suruali inayovuta kwenye paja: fundi afanye nini? Leonidasi akauliza, "Mwenye suruali ni mnene au ni kitambaa kimekatwa vibaya?"

"Swali halisemi," akasema Bi Mwanaamina.

"Basi nitakujibu yote mawili." Akaanza. Sauti ikapanda. Nilimwona dirishani, mikono yote hewani, anakata suruali isiyokuwepo, anaifumua, anaishona upya. Bi Mwanaamina alikuwa anaandika mbio, mara akainua kalamu.

"Polepole, fundi. Mkono wangu ni mmoja."

Wenzake hawakuinua vichwa. Kila mtu alikuwa na karatasi yake na shida zake. Nadhani hicho ndicho alichokuwa hajui: kwamba siku ile hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumwangalia.

Jumatatu, 16 Desemba

Mvua. Tunangoja.

Alhamisi, 19 Desemba

Matokeo yamekuja kwa linki. Nimeifungua mwenyewe, bila Winnie, nimekaa kitandani na Biblia ya mama yangu mapajani. Kumi na tatu wamefaulu. Niyomwungere ameanguka mikono, atarudia Aprili, na nimeshaongea naye. Leonidasi: mikono tisini na mbili. Karatasi sabini na moja. Cheti. Cherehani.

Nilitaka kumwambia kabla mtu yeyote hajamwambia, yeye wa kwanza, kwa siri, kama inavyopasa. Nikapiga simu. Mvua ilikuwa inatwanga bati langu, na kwa kelele nilizosikia, la kwake pia.

"Leonidasi, umefaulu."

"Nani anaongea?"

"Mimi, mwalimu! Umefaulu!"

"Sikusikii, mwalimu! Mvua!"

Nikatoka barazani, nikavuta pumzi yote niliyonayo, nikapiga ukelele ambao sijapiga tangu nilipomzaa Winnie: "Leonidasi, umefaulu! Unapewa cherehani!"

Milango ikafunguka. Jirani wa juu, jirani wa chini, wanawake wakaanza vigelegele hata hawajajua ni vya nani, watoto wakatoka kwenye mvua wakiita "Leonidasi! Leonidasi!" mtu ambaye hawajawahi kumwona. Nikaziba mdomo. Nimemtangaza tena.

"Leonidasi, nisamehe," nikasema. "Majirani wote wamesikia."

Kwenye simu nilisikia mvua tu. Nikasubiri. Kisha mlango unafunguliwa, Leonidasi anawaita majirani wa kwake, viti vinaburutwa, sauti za watu wengi, na Mpawenimana analia "Imana ishimwe, Imana ishimwe," Mungu asifiwe.

"Mwalimu," akasema Leonidasi, karibu sana na simu. "Nimeweka sauti kubwa. Nyumba imejaa hapa. Sema tena. Anza na jina langu."